Nani Awezaye Kumwambia Mfalme "Hapana"?

Mtu apitaye Kariakoo wakati wa jioni, wachuuzi wanapofunga bidhaa zao, kisha akashuka polepole kuelekea bonde la Msimbazi mpaka viwanja vya Jangwani, hakosi kusikia mazungumzo ya siasa njiani. Na katika mazungumzo hayo liko neno moja ambalo limerudi masikioni mwetu mara nyingi. Mmoja husema: "Wakubwa hawa maneno mengi, kazi kidogo. Tungepata mfalme mmoja mwenye nguvu, aseme leo na kesho litendeke, nchi ingenyooka." Na wenzake huitikia: "Kweli kabisa."

Hatuwacheki wasemao hivyo. Uchovu wao twaufahamu. Mama aliyezungushwa siku tatu kwa ajili ya karatasi moja, na mzee anayengoja haki yake mwaka wa pili, wana sababu ya kuchoka. Lakini hamu ya kupata mfalme si jambo la kupita hivi hivi. Ni hamu ya kale sana. Wana wa Israeli walimwendea nabii Samweli wakitaka mfalme kama mataifa mengine, naye akawaonya kinaganaga: mfalme huyo atawatwaa wana wenu awatie vitani, atawatwaa binti zenu wampikie, atachukua mashamba yenu mazuri awape watumishi wake, na siku mtakapolia, mtakuwa mmechelewa. Hawakumsikiliza. Walimpata mfalme, na maonyo yakawafuata.

Basi leo tumeona yafaa kuutazama kwa utulivu ufalme usio na mpaka, na kuulinganisha na serikali za namna nyingine. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jiji lenyewe ambamo Jangwani imo lilianzishwa kwa neno la mfalme wa namna hiyo, na likakaribia kufa kwa sababu ya mfalme mwingine.

MAANA YA JINA

Tangu zamani wenye hekima wamezigawa serikali kwa maswali mawili: ni wangapi wanaotawala, na je, wanatawala kwa faida ya nani? Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo, alisema kwamba aweza kutawala mtu mmoja, au wachache, au wengi. Wakitawala kwa faida ya wote, serikali ni njema. Wakitawala kwa faida yao wenyewe, serikali imeharibika. Ufalme ukiharibika huwa udhalimu. Utawala wa wachache wateule ukiharibika huwa utawala wa matajiri wanaojipendelea. Na utawala wa wengi nao waweza kuharibika ukawa fujo, kundi moja likiwakandamiza wengine.

Ufalme usio na mpaka ni ule ambao mtu mmoja ndiye mtunga sheria, ndiye mtekelezaji wa sheria, na ndiye hakimu wa mwisho. Aweza kuwa na mawaziri na washauri, lakini hao wote hupata cheo kwake, na kwa neno lake hukipoteza. Mfano unaotajwa sana ni Louis XIV wa Ufaransa, aliyekuwa mfalme tangu mwaka 1643 hata 1715. Siku hizi falme za namna hiyo ni chache: Saudi Arabia, Oman, Brunei, na katika Afrika, Eswatini. Huko Eswatini Mfalme Sobhuza II aliitangua katiba ya nchi tarehe 12 Aprili 1973 akajitwalia mamlaka yote. Na ingawa katiba mpya ilitolewa mwaka 2005, mfalme angali juu ya yote.

Msomaji na aangalie jambo moja hapa. Kusema kwamba ufalme hauna mpaka si kusema kwamba mfalme ni mbaya. Aweza kuwa mtu mwema, mpole, mcha Mungu. Swali letu silo la wema wake. Swali letu ni hili: siku atakapokosea, nani katika nchi ile awezaye kumwambia "Hapana," kisha akarudi nyumbani akalala salama?

MJI ULIOJENGWA KWA NENO LA MTU MMOJA

Hapo kale, mahali hapa paliitwa Mzizima. Walikuwapo Washomvi, wavuvi na wafanya biashara wa pwani, na majumbe wao. Na nyuma yao Wazaramo na mapazi wao. Wazaramo hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo ya kila upande yaliamuliwa na wakubwa wa upande ule pamoja na wazee wao.

Katika miaka ya 1860, Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari hii iliyofichama, akaazimu kujenga mji mpya. Alikuwa mtu wa neno moja likatosha. Hakulazimika kupata kibali cha baraza lo lote, wala kuomba fedha kwa wabunge. Alijenga kasri na majengo ya serikali, akaalika wafanya biashara, akaupa mji jina la salama. Boma la Kale, karibu na bandari, ni jengo la wakati ule, nalo lingali limesimama mpaka leo. Hiyo ndiyo nguvu ya ufalme usio na mpaka: hauchelewi.

Lakini mwaka 1870 Seyyid Majid alifariki, na ndugu yake Seyyid Barghash akashika ufalme. Barghash hakuwa na shauku ya mji wa ndugu yake. Moyo wake ulikuwa Unguja. Kazi ikasimama. Nyumba nyingine ziliachwa kabla hazijaisha, wafanya biashara wakatafuta riziki pengine, na mji ukadorora kwa miaka kumi na zaidi. Haukupata uhai tena mpaka Wadachi walipofika mwaka 1887, na kuufanya makao makuu yao mwaka 1891.

Tuwatazame sasa wale walioitikia wito wa Majid. Mtu aliyehamisha jamaa yake na mali yake kuja kuanza maisha hapa aliweka tumaini lake lote juu ya pumzi ya mtu mmoja. Pumzi ilipokatika, hapakuwa na sheria iliyomlinda, wala baraza la kwenda kulalamika, wala bunge la kuuliza kwa nini kazi imeachwa. Si kwamba Barghash alimdhulumu. La, alichagua jingine tu. Lakini katika ufalme wa namna ile, chaguo la mfalme ndilo ajali ya raia.

Na hata kurithiana kwenyewe kulikuwa na taabu. Baba yao, Seyyid Said, alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombana. Barghash alijaribu kumwasi Majid mwaka 1859, akahamishiwa Bombay. Thuwaini aliyekuwa Oman naye alidai haki yake, hata ugomvi ukaamuliwa mwaka 1861 na mgeni, mtawala wa Kiingereza wa India: milki ikakatwa vipande viwili, na Unguja ikaamriwa kuilipa Oman reale 40,000 kila mwaka. Huko Unyamwezi nako, Mirambo alijenga dola kubwa kwa akili na ushujaa wake. Alipofariki mwaka 1884, dola ile haikukaa siku nyingi, ikavunjika. Kazi ya mtu mmoja hodari huzikwa pamoja naye, isipokuwa ameacha taratibu zinazoweza kusimama bila yeye.

NCHI ILIYOUZWA

Jambo la pili ni chungu zaidi. Mahali ambapo nchi ni mali ya mfalme, mfalme aweza kuiuza.

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikaa huko Ulaya wakapima milki ya Sultani barani, wakamwachia ukanda wa maili kumi tu kando ya bahari. Barghash hakukaa katika meza hiyo. Kisha mwaka 1890, chini ya Seyyid Ali bin Said, ukanda wa pwani yetu ulitolewa kwa Wadachi kwa malipo ya marki milioni nne. Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, pamoja na watu wake, wakapita kutoka mkono mmoja hata mwingine kama shamba la minazi. Hakuulizwa jumbe, hakuulizwa pazi, hakuulizwa mvuvi.

Twakubali kwamba Sultani alisukumwa na mataifa yenye mizinga. Lakini ndilo fundisho lenyewe. Mfalme ambaye watu wake si washiriki wake hana watu wa kusimama naye siku ya shida. Tarehe 25 Agosti 1896 Khalid bin Barghash alijitwalia kiti cha usultani pasipo idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri, na vita vikaisha kabla saa nzima haijapita.

MTU ALIYESEMA "HAPANA"

Jambo la tatu familia za Kikatoliki zalijua vema, ingawa labda hatujazoea kulifikiri kwa upande wa serikali. Katika Buganda, Kabaka Mwanga alirithi ufalme mwaka 1884 akiwa bado kijana. Katika kasri lake alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa nyumba, mtu aliyeaminiwa. Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana alipouawa kwa amri ya Kabaka mwezi wa Oktoba 1885, Mukasa alimkemea bwana wake kwa tendo lile, na tena alikuwa akiwakinga vijana wa kasri na matakwa machafu ya mfalme. Hakuinua mkuki, wala hakufanya fitina, alisema tu "Hapana." Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa.

Mahali pake palishikwa na Karoli Lwanga, naye akaendelea kuwakinga vijana wale. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, yeye na wenzake walichomwa moto. Walikufa Wakatoliki, walikufa na Waanglikana. Wakatoliki 22 waliandikwa katika orodha ya watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964.

Mwanga alikuwa na mawaziri. Alikuwa na Katikiro, na wakuu wa majimbo. Kwa nini hakuna aliyemzuia? Kwa sababu kila mmoja alikula mkononi mwa Kabaka; amtukuzaye alipandishwa, ampingaye alianguka. Hivyo huzaliwa kundi la wasifuji. Wazee wetu wamesema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mfalme asiye na mpaka husifiwa toka asubuhi hata usiku, hata mwisho hajui ladha ya tembo lake mwenyewe. Hivyo yeye naye hudhuriwa: amenyimwa rafiki wa kumwambia kweli. Mwanga mwenyewe alipinduliwa mwaka 1888, akarudi, akafukuzwa tena, na mwisho akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

TUSEME NA YALIYO MEMA

Haifai kuhukumu bila kusikiliza upande wa pili. Ufalme una mema yake, na kuyaficha si haki.

Barghash huyo huyo aliyeuacha mji wa Majid aliuletea mji wa Unguja maji safi ya mfereji, na mwaka 1883 alijenga Beit el Ajaib. Na katika siku za karibu, jamaa zetu wanaosema Kiswahili huko Oman, ambao wengi wao walitoka Unguja na pwani yetu, wameyaona makubwa. Seyyid Qaboos alipotwaa ufalme mwaka 1970 kwa kumwondoa baba yake, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu. Alijenga shule, hospitali na barabara, akawaita watu wake waliotawanyika warudi. Alipofariki Januari 2020 wengi walimlilia kwa kweli.

Lakini tazameni pia jinsi mrithi wake alivyopatikana. Qaboos hakuwa na mtoto. Jina la mtu aliyemtaka aliliandika katika barua iliyotiwa muhuri, na barua ikafunguliwa baada ya kifo chake. Ndipo taifa zima lilipojua kwamba ni Haitham bin Tariq. Mambo yalikwenda salama, nasi twashukuru. Hata hivyo Sultani Haitham mwenyewe, mwaka mmoja baadaye, alitoa sheria mpya ya msingi iliyoweka utaratibu wa mrithi wa kiti. Je, si ushuhuda huo? Mfalme mwenyewe ameona kwamba salama ya nchi haifai kufungiwa ndani ya bahasha moja.

Kwa hiyo mema ya ufalme ni haya: uamuzi wa haraka, umoja unaoonekana, na mipango ya muda mrefu. Ila mema hayo yote huja na sharti moja, "ikiwa mfalme ni mwema." Na baba wa familia hawezi kuwajengea watoto wake nyumba juu ya neno "ikiwa."

SERIKALI NYINGINE

Namna ya kwanza ya kutia mpaka ni ufalme wenye katiba. Waingereza walijifunza polepole, na kwa damu. Mwaka 1215 mabwana wa nchi walimlazimisha Mfalme John kukiri kwa maandishi kwamba naye yu chini ya sheria. Mwaka 1649 Mfalme Charles I alikatwa kichwa katika ugomvi wake na bunge. Mwaka 1689 ikaandikwa sheria kwamba mfalme hawezi kutoza kodi wala kutangua sheria bila bunge. Tangu hapo kiti kimebaki, lakini mamlaka yamekuwa yakihama.

Sisi wenyewe tumewahi kuishi chini ya serikali ya namna hiyo, ingawa vijana wengi hawajui. Tangu tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, mpaka tarehe 9 Desemba 1962, mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth II. Unguja nako, Sultani Jamshid bin Abdullah alikuwa mfalme wa kikatiba tangu Desemba 10, 1963. Ufalme ule ulidumu mwezi mmoja na siku mbili. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakauondoa, na damu nyingi ikamwagika. Hapo twajifunza kwamba katiba iliyoandikwa karatasini haitoshi, watu wengi wasipoiona kuwa ni yao.

Namna ya pili ni jamhuri, ambamo mkuu wa nchi hupewa kazi na wananchi kwa muda. Tanganyika ilishika njia hiyo mwaka 1962, na mwaka 1963 sheria ikawaondolea machifu mamlaka yao ya kutawala. Aliyekuwa Rais wakati huo, Julius Nyerere, alikuwa yeye mwenyewe mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusidanganywe na majina. Jamhuri nayo yaweza kuvaa joho la ufalme. Idi Amin hakuwa na taji, lakini mwaka 1976 alitangazwa kuwa Rais wa maisha, na katika miaka yake minane tangu 1971 hata 1979 wengi walikufa kwa neno lake. Jean-Bedel Bokassa wa Afrika ya Kati alianza kuwa Rais, na mwaka 1977 akajivika taji la Kaisari kwa gharama kubwa katika nchi maskini. Miaka miwili haikupita akaanguka. Taji si kitu; mpaka ndio kitu.

Nchi yetu nayo ilipita katika miaka ya chama kimoja, toka 1965 hata 1992. Hatusemi kwamba miaka ile ilikuwa ya ufalme. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wananchi waliwaangusha hata baadhi ya mawaziri. Lakini sauti ya kusema "Hapana" ilikuwa na mlango mmoja tu. Mwaka 1984 katiba ilitia kikomo cha vipindi viwili vya urais, na mwaka 1985 Nyerere aliondoka mwenyewe, akiwa mzima, akarudi kijijini kwake Butiama. Mfalme gani asiye na mpaka amefanya hivyo kwa sababu muda wake umekwisha?

JE, VATIKANO?

Hapa msomaji mwerevu atatuuliza: "Ninyi mnaosema hayo, mbona Baba Mtakatifu ni mfalme mwenye mamlaka yote katika Vatikano?" Swali ni la haki, nasi hatulikimbii. Ni kweli: katika Dola ya Vatikano, iliyotambuliwa kwa mapatano ya Laterano mwaka 1929, Papa ana mamlaka ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu. Lakini dola hiyo ni hekta 44 tu. Haina wakulima wala wachuuzi waliozaliwa humo. Waliomo wamo kwa ajili ya kazi, na kazi ikiisha uraia huisha. Kiti chake hakirithiwi na mtoto, hupigiwa kura. Iliwekwa hivyo ili Papa asiwe chini ya mfalme au rais ye yote, wala si ili mataifa yaige.

Na kwa mataifa Kanisa limefundisha mengine. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliusifu uongozi wa mtu mmoja kwa sababu ya umoja. Lakini alipoeleza utaratibu ulio bora alitaka mchanganyiko: mmoja awe mkuu, wengine wenye hekima washiriki naye, na watu wote wawe na sehemu, kwa kuwa viongozi huchaguliwa kutoka kwao na hao watu wenyewe. Na mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa lauthamini utawala wa demokrasia, kwa sababu huwapa raia nafasi ya kuchagua viongozi, kuwadai hesabu, na kuwabadilisha kwa amani inapobidi.

KIFO CHA MTAWALA NI KIPIMO

Mkitaka kuipima serikali, itazameni siku mtawala anapokufa. Mwaka 1856 kifo cha Seyyid Said kilileta ugomvi wa miaka, na milki ikakatika. Mwaka 1870 kifo cha Majid kiliuangusha mji. Tarehe 17 Machi 2021 Rais John Magufuli alifariki hapa hapa Dar es Salaam akiwa madarakani. Nchi ilishtuka. Lakini hapakuwa na bahasha ya kufungua, wala ndugu wa kugombana. Katiba ilikuwa imekwisha kusema zamani nani atashika, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan aliapishwa. Soko la Kariakoo lilifunguliwa. Watoto walikwenda shule. Hilo ni jambo kubwa, nasi kwa kulizoea hatulioni.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kwamba mamlaka ya serikali yatoka kwa wananchi. Lakini wengi wameona kwamba yamwekea Rais mmoja mambo mengi mno mkononi. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 haikufikishwa kwenye kura ya maoni. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na ghasia na vifo vilivyotia nyumba nyingi majonzi. Hayo hatuyataji ili kuchochea hasira. Twayataja kwa sababu mtu aliyeumizwa na jamhuri yenye kasoro aweza kukimbilia tumaini la mtu mmoja mwenye nguvu. Na huko ndiko kuukimbia moshi na kuingia motoni. Dawa ya mipaka iliyo dhaifu ni kuiimarisha, wala si kuing'oa.

TURUDI JANGWANI

Viwanja vya Jangwani vimeona mikutano mingi. Mwezi wa Agosti 2015, katika muda wa siku saba, chama kinachotawala kilizindua kampeni yake hapo, kisha muungano wa wapinzani nao ukazindua yake hapo hapo. Nyasi zile zile zilikanyagwa na wenye kijani na wenye rangi nyingine. Muuza maji na muuza karanga waliwahudumia wote, wala hawakuuliza kadi. Picha hiyo twaipenda. Mahali penye uwanja mmoja kwa sauti mbili, mfalme asiye na mpaka hana pa kuketi.

Na hata mpira unatufundisha. Klabu ya Yanga, yenye makao yake Jangwani, ina katiba, ina wanachama, ina mkutano mkuu, na viongozi huchaguliwa. Mwanachama asiyeridhika husimama akauliza. Watu ambao hawakubali klabu yao iwe mali ya mtu asiyeulizwa, watakubalije nchi yao iwe hivyo?

Lakini mazoezi ya kweli huanzia mahali padogo kuliko klabu, yaani nyumbani. Baba ambaye hakuna mtu awezaye kumwambia "Hapana," mkewe akinyamaza kwa hofu na watoto wakikimbia wasikiapo hatua zake, huyo analea raia watakaomtafuta mfalme. Na mzazi asikilizaye, akakubali kukosolewa kwa adabu, akasema mbele ya watoto wake, "Hapo nilikosea," hapungukiwi heshima hata kidogo. Analea watu watakaojua kwamba mkubwa naye huulizwa, na kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Kama yule Mukasa wa Buganda: mtiifu katika yote yaliyo haki, na mwenye neno moja thabiti panapo dhambi.

Basi siku nyingine mtakapopita Kariakoo, mkasikia mtu akitamani mfalme, msimcheke. Mpeni pole kwa taabu yake, kisha mwulizeni kwa upole: "Na siku mfalme huyo atakapolitaka duka lako, ndugu yangu, nani atamwambia hapana?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini mji wa Seyyid Majid ulidorora baada ya mwaka 1870? Je, katika kijiji au mtaa wenu iko kazi njema iliyokufa pamoja na mtu aliyeianzisha? Ilikosa nini?

2. Yosefu Mukasa alimheshimu mfalme na pia alimkataza. Yawezekanaje kuyafanya yote mawili?

3. Taja tofauti kati ya ufalme usio na mpaka, ufalme wenye katiba, na jamhuri. Kwa nini jina la serikali peke yake halitoshi kutuambia kama ni njema?

4. Katika nyumba yetu, mambo makubwa huamuliwaje? Nani husikilizwa, na nani hasikilizwi?